Muhuri wa Vichwa Arobaini

Ubongo tuliokuwa nao chuoni ulikuwa wa plastiki, na kipande chake cha nyuma kilikuwa kimepotea tangu kabla sijaajiriwa. Kila mwaka niliunyanyua mbele ya darasa nikasema, "Hapa ndipo ulipo ubongo mdogo," huku nikionyesha tundu, na wanafunzi wakachora tundu. Mara mbili nilinunua vichwa vya mbuzi sokoni Kongowea nikavipasua mwenyewe juu ya meza ya maabara ya kemia. Mara ya pili mwenye maabara akanifungia mlango kwa ajili ya harufu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sayansi ya ubongo katika tawi letu dogo la Kisauni. Mtu alifika mwaka wa nne akiwa amekariri majina chungu nzima ya sehemu za ubongo, na hajaona hata mmoja ukifanya kazi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akajaribu kuukunjua akashindwa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hasira hiyo ni mali, kwamba ndiyo iliyonisomesha, ndiyo iliyonizuia kurudi nyumbani kila nilipoambiwa hakuna nafasi. Hata siku nilipogundua kwamba ziko maabara za ng'ambo zinazoweka mtandaoni rekodi za ubongo wa watu, bure, achukuaye na achukue, jambo la kwanza nililohisi halikuwa furaha. Nilikasirika kwamba zilikuwepo miaka yote hiyo nami nikipasua mbuzi.

Rekodi zenyewe si picha. Mtu aliyejitolea huvishwa kofia yenye nyaya nyembamba, na zile nyaya hunasa umeme mdogo sana unaotoka kichwani, kisha kompyuta huuandika kama mistari inayopanda na kushuka. Huambiwa fumba macho, fumbua, fumba tena. Jina lake huondolewa, hubaki namba, umri na jinsia. Mwenyewe ametia sahihi kukubali rekodi yake itumiwe na yeyote, na wenye maabara wameiandika ruhusa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza, mistari sita ambayo mtoto wa darasa la saba angeielewa: chukua, tumia, fundishia, ila useme umezitoa wapi.

Mwaka huo nikaamua kundi moja la wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho lifanye utafiti wake kwa rekodi hizo. Tulichagua vichwa arobaini. Mtandao wa maktaba yetu ulikuwa ukikatika kila watu wakizidi kumi, basi walizipakua kwa zamu, asubuhi mapema kabla maktaba haijajaa, faili moja moja, wakazihamisha kwa kifaa kimoja cha kuhifadhia kilichokuwa kikizunguka mfukoni mwa huyu na yule. Karibu wiki mbili zilikwisha hivyo. Mimi nilikuwa nikipita nikiulaumu mtandao, nikimlaumu fundi wake, nikimlaumu aliyemwajiri fundi.

Kati ya wale wanne alikuwemo msichana wa Miritini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mama yake akiuza nyanya na vitunguu Kongowea, na kompyuta yake ilikuwa haifunguki bila kuegemezwa ukutani. Ndiye aliyeleta swali la utafiti. Alinijia siku moja baada ya kipindi, akaniamkia, akasimama.

"Mwalimu, bibi yangu akikaa na watu hufumba macho wakizungumza. Wengine nyumbani husema amelala. Mimi nasema anasikiliza. Hili laweza kupimwa?"

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba hilo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa kuonekana na watu wa fani yangu. Mtu akifumba macho akiwa macho, sehemu ya kisogoni huanza wimbi la polepole, kiasi cha mara kumi kwa sekunde, la kupendeza, lililo sawa sawa. Akifumbua, linapotea. Akilala usingizi wa kweli, linakuwa jingine. Nikamweleza. Akaandika, akaniuliza kama wimbi la mzee lina kasi moja na la kijana. Nikamwambia atafute mwenyewe, vichwa arobaini anavyo, vingine vya vijana na vingine vya wazee. Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba mwaka huu nimepata mwanafunzi.

Naye alikuwa na haja ya kumaliza mwaka huo huo. Mama yake alishamwambia waziwazi kwamba huu ndio wake wa mwisho. Nyuma yake kulikuwa na mdogo wake aliyefaulu, naye akingoja zamu yake ya karo. Akihitimu, kuna hospitali iliyokuwa imemwahidi nafasi ya mafunzo katika chumba cha kupimia ubongo. Asipohitimu, hakuna aliyejua. Hilo alilisema mara moja tu, kwa kifupi, nilipomuuliza kwa nini anakuja hata Jumamosi.

Kazi ikaenda. Halafu siku moja akaja na vichwa vitatu vilivyomshinda. Kwa watu hao watatu wimbi lilikuwa likitokea macho yakiwa wazi na kupotea yakifumbwa, kinyume kabisa cha wengine wote. Nikamwambia amekosea kuandika amri kwenye programu. Nilimwambia kwa ukali, tena mbele ya wenzake, arudie. Akarudia. Akaja tena, nikamwambia arudie. Mara ya tatu alirudi na karatasi ameziweka kwa mpangilio, akasema bila kuinua sauti, "Mwalimu, si mimi. Ni wao." Alikuwa ameshawaandikia wenye rekodi barua pepe kuwaambia kwamba wamebadilisha alama za kufumba na kufumbua kwa watu watatu.

Jibu lilifika baada ya siku sita. Walisema ni kweli, wamekosea, wanarekebisha, wanamshukuru kwa jina, na wanamtakia heri katika utafiti wake kwa rekodi zao. Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye ujia wa idara na macho yakanilowa. Miaka yote ile nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kuamini kitabu, na huyu alikuwa amekamata kosa la maabara kubwa kutoka kwenye meza ya maktaba ya Kisauni. Niliona fahari, na sioni haya kusema.

Kisha tukafika kwa mwenyekiti wa idara.

Idara yetu ina kanuni kwamba kila utafiti wa mwaka wa nne uwe na barua ya ruhusa kutoka mahali data ilipokusanywa, na barua hiyo iwe na muhuri. Kanuni iliwekwa kwa wanafunzi wanaokwenda mashuleni, zahanati na vijijini, na ilikuwa na maana, kwa sababu wako waliokuwa wakijaza hojaji nyumbani kwao na kusema wamefika Mjambere nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole aliyekaribia kustaafu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hapandishi sauti hata kidogo, na hilo lilikuwa likinitia wazimu.

"Hawa watu arobaini," aliniuliza, "wanafunzi wamekutana nao wapi?"

"Hawajakutana nao. Rekodi zimetoka mtandaoni."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya wenyewe. Imeandikwa hapa."

Akavaa miwani akaisoma ile mistari sita, mpaka mwisho, akarudi juu akaisoma tena. "Naona," akasema. "Muhuri uko wapi?"

Nilimweleza kwamba ukurasa wa mtandao haupigwi muhuri. Akaniambia ananielewa kabisa, na kwamba karatasi bila muhuri yeye hawezi kuitia sahihi, kwani kesho ataulizwa. Nikatoka. Wiki iliyofuata nikarudi na ruhusa ile imechapishwa vizuri, rangi na yote. Akaisifu. Akauliza muhuri. Mara ya tatu nilikwenda na ile barua ya shukrani aliyoandikiwa msichana wa Miritini, nikaiweka mezani kwa kishindo.

"Barua nzuri sana," akasema, na alikuwa akisema kweli. "Huyu mtoto ana bidii. Sasa hii nayo waipige muhuri waturudishie."

Wallahi niliwaandikia. Niliwaandikia watu wa maabara ya ng'ambo nikawaomba muhuri, nikiona haya kila neno. Walijibu kwa adabu wakiuliza ni muhuri gani na ni wa kazi gani, kwa sababu kwao hawanao.

Nilizungumza habari hiyo kila mahali. Niliizungumza kwa walimu wenzangu wakati wa chai, kwa dada yangu nyumbani, kwa mwenye duka la vitabu, kwa wanafunzi hata wasiohusika. Nilikuwa na hotuba nzima, na kila nilipoitoa iliongezeka ladha: jinsi nchi nzima inavyoabudu wino, jinsi mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kufa kwa muhuri lakini hawezi kufikiri bila huo. Watu walicheka. Nami nilipocheka nao nilikuwa najisikia kama nimefanya kazi.

Mara ya nne nilitoka ofisini kwa mwenyekiti mikono mitupu. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku kadhaa mafaili yafungwe. Kundi lisilo na sahihi yake haliitwi mbele ya watahini, na asiyekwenda mbele ya watahini hahitimu. Wale wanne walikuwa wameketi kwenye benchi nje wakiningoja. Waliinuka pamoja.

"Wanataka muhuri," nikawaambia, na sauti yangu ilifika mwisho wa ujia. "Basi nendeni mkachongeshe muhuri. Pale Kongowea wanachonga kwa nusu saa. Mkiuleta, atatia sahihi hata kama umeandikwa duka la mbuzi."

Nikaondoka. Nyumbani nilimsimulia dada yangu, tukacheka mpaka chai ikapoa. Kesho yake nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na sikulifikiria tena neno lile.

Baada ya siku nne msichana wa Miritini alikuja mezani kwangu na faili. "Shikamoo mwalimu. Mwenyekiti ametia sahihi."

Nataka niseme kwa usahihi nilichokiona. Faili lilikuwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa sahihi, na chini yake ilijitokeza pembe ya karatasi nyingine, na kwenye pembe hiyo palikuwa na ukingo wa mduara wa wino wa zambarau. Niliuona. Ningeweza kuunyanyua ukurasa ule kwa kidole kimoja. Badala yake nikasema alhamdulillahi, nikatia sahihi yangu mahali pa msimamizi, nikamrudishia. Alinishukuru akatoka.

Aliyeugundua ni mkuu wa kitivo, mtu wa juu ya mwenyekiti, ambaye hupitia mafaili yote kabla ya watahini kuja. Karatasi ilikuwa ile barua pepe ya shukrani, ya kweli, neno kwa neno. Juu yake ulikuwa umepigwa muhuri wa duara: pembeni jina la maabara ya ng'ambo kwa herufi kubwa, katikati tarehe, na chini yake sanduku la posta, Mombasa. Mkuu wa kitivo aliuliza kwa sauti tangu lini maabara hiyo imefungua sanduku katika posta yetu. Kisha akaitazama namba akaona ni ya sanduku la chuo chetu wenyewe.

Tulikuja kuelezwa baadaye ilivyokuwa. Mchonga mihuri alikuwa amemuuliza msichana maandishi anayotaka, naye akampa jina la maabara na mahali pa tarehe. Yule fundi akatikisa kichwa, akamwambia muhuri usio na sanduku la posta hauonekani wa kweli, hakuna ofisi itakayoukubali, yeye ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Msichana hakujua aandike sanduku gani. Akaandika lile pekee alilolikumbuka. Na fundi alikuwa amesema kweli: mwenyekiti alipoiona S.L.P. alitabasamu, akasema, "Sasa hivyo," akatia sahihi papo hapo.

Wenzake watatu walisema hawakujua. Yeye naye alisema hawakujua. Aliitwa peke yake mbele ya kamati ya nidhamu.

Asubuhi ya siku hiyo, nikijifunga buibui mbele ya kioo, nilijisemea maneno yangu kwa sauti: mimi ndiye niliyewaambia wakachongeshe, na mimi niliuona wino nikanyamaza, kosa ni langu. Niliyasema mara tatu. Yalikuwa mepesi, na niliona nafuu kwamba safari hii hasira yangu itaniadhibu mimi.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na feni iliyokuwa ikizunguka bila upepo. Walikuwa watu watano, mwenyekiti wa idara akiwa mmoja wao, ameinamisha uso kwa aibu ya kudanganywa. Msichana alikaa mwisho wa meza, mikono mapajani. Mkuu wa kitivo alimuuliza nani alimpa wazo hilo.

"Niliamua mwenyewe," akajibu.

"Hukutumwa na mtu?"

"La. Niliamua mwenyewe."

Mkuu wa kitivo akanigeukia mimi. Alikuwa na adabu zake zote. Alisema karani wa idara, ambaye mlango wake huwa wazi, alinisikia nikiwaambia wanafunzi wakachongeshe muhuri Kongowea. Aliniuliza kama ni kweli.

Nilifungua kinywa, na yaliyotoka hayakuwa yale ya kiooni. "Nilisema," nikajibu. "Lakini nilisema kwa hasira. Nimekwenda ofisi ile mara nne. Mtu mzima anajua kutofautisha maneno ya hasira na maneno ya kutumwa."

Hakuna neno la uongo pale. Nimelirudia kichwani mara nyingi na kila neno ni la kweli. Wajumbe wawili wakacheka kidogo, cheko la kunielewa. Mwenyekiti naye, masikini, akainua uso akasema hata yeye akiwa kijana alikuwa akiropoka vivyo hivyo. Chumba kilipata wepesi. Habari ya wino haikuulizwa, nami sikuitaja. Msichana alinitazama mara moja, si kwa chuki, kisha akarudi kuitazama meza.

Alisimamishwa masomo mwaka mmoja. Mimi nilipewa onyo la mdomo, nililoambiwa nikiwa nakunywa soda ofisini kwa mkuu wa kitivo.

Na hapo ofisini ndipo nilipopata kitu ambacho mpaka leo kinanikera kuliko vyote. Nilimuuliza wale watatu waliobaki watafanyaje, maana barua bado haina muhuri. Akauliza, kwani barua yenyewe si ya kweli? Nikasema ni ya kweli. Akavuta droo, akatoa muhuri wa chuo, akaipiga nakala ya barua ile pembeni, akaandika kwamba ameiona asili yake na kuithibitisha, akasaini. Haikuzidi dakika mbili. Ofisi yake ilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wangu, na katika wiki zile zote sikuwa nimeugonga. Nilikuwa na kazi ya kukasirika.

Wale watatu walikwenda mbele ya watahini wakafaulu vizuri. Matokeo yalikuwa wazi: wimbi la wazee lilikuwa la polepole kidogo kuliko la vijana, kama vitabu vinavyosema, ila wanafunzi wangu walikuwa wameliona kwa macho yao. Jina la msichana wa Miritini liliondolewa kwenye jalada kwa sababu kanuni hairuhusu aliyesimamishwa. Kule ng'ambo, kwenye ukurasa wa marekebisho ya zile rekodi, bado lipo.

Niliandika barua kwa mkuu wa kitivo nikayasema yote, pamoja na pembe ya wino wa zambarau. Nilikaa nayo wiki tatu mkobani. Nilipoipeleka nilijibiwa kwamba jambo hilo limeshafungwa, na kwamba uungwana wangu wa kumtetea mwanafunzi umeonekana.

Karibu na mwisho wa mwaka nilikwenda Kongowea. Nilijiambia nakwenda kununua vitunguu. Mikokoteni ilikuwa ikipita na magunia ya viazi, wachukuzi wakipiga kelele za kuomba njia, nami nikapita safu baada ya safu mpaka nikamwona, ameketi kwenye kreti iliyopinduliwa nyuma ya meza ya mama yake, akifuta nyanya kwa kitambaa na kuzipanga kwa ukubwa. Mama yake alinitambua kabla yake.

"Karibu, mwalimu, karibu sana," alisema, akanifutia kiti. "Mwanangu ameniambia ulisimama naye siku ile ya kamati. Mungu akuzidishie."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilimuuliza habari za nyumbani. Akanieleza kwamba yule mdogo ameanza chuo Septemba, na kwamba huyu mkubwa sasa anamsaidia hapa, kwa kuwa wawili kwa pamoja haiwezekani, na baadaye itajulikana. Alilisema kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Mteja akaja, akamgeukia.

Nikasogea karibu na kreti. Msichana aliinuka akaniamkia, nikamwitikia, nikamwomba akae. "Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. "Pale mezani nilizungumza kana kwamba wewe ndiye usiyejua maana ya maneno."

"Nilijua maana yake, mwalimu. Sote tulijua ni hasira."

"Basi mbona ukaenda?"

Alichukua nyanya nyingine, akaifuta, akaigeuza kutazama kama ina kidonda. "Siku zilikuwa zinakwisha. Tulikuwa tunangoja utupeleke kwa mkuu wa kitivo. Karani alitudokeza tangu mara yako ya pili, kwamba mkuu anaweza kupiga muhuri wa chuo juu ya nakala. Lakini mwanafunzi haingii kwake bila mwalimu wake."

Nilisikia masikio yanapata moto. "Mlijua tangu wakati huo?"

"Tulijua."

"Na hamkuniambia."

"Tulikuja kukuambia," akasema, kwa sauti yake ile ile ya chini. "Tulikuja mara tatu. Kila tukija ulikuwa ukimzungumzia mwenyekiti, na sisi hatuwezi kumkatiza mtu mzima maneno. Tukasema tungoje umalize." Akaiweka ile nyanya mahali pake. "Hukumaliza, mwalimu."